Mtoto wa Mississippi: maficho ya VVU ndani ya kinga isiyomjua adui

Julai 2010 mama mmoja alifika hospitali ya mashambani katika jimbo la Mississippi, Marekani, uchungu ukiwa umeshamshika. Hakuwa amehudhuria kliniki ya wajawazito. Kipimo cha haraka alichofanyiwa leba kilionyesha ana VVU, lakini mtoto alitoka mapema kuliko dawa: mimba ya wiki 35, kujifungua kwa njia ya kawaida, mama hajameza hata kidonge kimoja cha kumkinga mwanawe. Baadaye damu ya mama ilionyesha nakala 2,423 za virusi kwa mililita, kiwango ambacho si kikubwa.

Mtoto alipelekwa Jackson, kwenye hospitali ya chuo kikuu cha tiba cha Mississippi, akiwa na umri wa saa 30 hivi. Desturi ya wakati ule kwa kichanga wa namna hii ilikuwa kumpa dawa za kinga kwa dozi ndogo huku majibu yakisubiriwa. Dk. Hannah Gay, bingwa wa maambukizi kwa watoto, hakusubiri. Alichukua damu mara 2, moja ya PCR ya DNA na nyingine ya PCR ya RNA (vipimo vinavyotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe), kisha akaanzisha dawa 3 kwa dozi za matibabu: zidovudini, lamivudini na nevirapini. Sampuli zote 2 zilirudi na virusi. Baada ya wiki 1 nevirapini iliondolewa, ikaingia lopinavir iliyoongezewa nguvu na ritonavir.

Wingi wa virusi ulishuka hivi: nakala 19,812 siku ya 2, 2,617 siku ya 6, 516 siku ya 11, 265 siku ya 19, chini ya 48 siku ya 29. Ukaendelea kuwa chini ya upeo wa mashine. Mtoto alipofikisha miezi 18 hivi, mlezi aliacha kumpa dawa na akapotea kliniki. Walirudi mtoto akiwa na miezi 23. Kwa uzoefu wa kazi hii, kila mtu pale alitarajia kukuta maelfu ya nakala. Hakukuwa na kitu.

Machi 2013 Dk. Deborah Persaud aliwasilisha kisa hiki kwenye CROI, mkutano wa kisayansi kuhusu VVU, mjini Atlanta, kwa niaba ya kundi lililowajumuisha Gay na Katherine Luzuriaga. Magazeti yakaandika kwamba mtoto amepona. Miezi 16 baadaye, Julai 2014, ilitangazwa kwamba virusi vimerudi: nakala 16,750, na kipimo cha pili baada ya saa 72 kikatoa 10,564. CD4, seli za kinga ambazo VVU huzishambulia, zilikuwa zimeanza kushuka, kingamwili dhidi ya VVU zilikuwa zimejitokeza, na mpangilio wa vinasaba vya virusi ulionyesha ni vilevile vya mama. Alikaa bila dawa miezi 27 na ushee. ARV zilirudishwa, virusi vikashuka tena.

Hayo yamesimuliwa sana. Kilichoachwa pembeni ni hali ya kinga ya mtoto katika ile miezi 27. Tukiielewa, tunaona kwa nini virusi vilikawia, kwa nini hakuna aliyeviona, na kwa nini havikuweza kuzuiwa vilipoamka.

Je, aliambukizwa kweli?

Swali hili liliulizwa kwa ukali mwaka 2013, na lilikuwa la haki. Damu ya mama inaweza kuvuja kidogo wakati wa kujifungua, na seli zake zikakutwa kwa mtoto bila mtoto kuambukizwa. Lakini virusi vya kupewa tu havidumu siku 19 kwenye damu huku vikishuka kwa hatua zinazofanana na za mtu aliyeanza matibabu: kasi mwanzoni seli zinazozalisha zinapokufa, kisha taratibu. Pia kulikuwa na sampuli 2 tofauti zenye virusi kabla dawa hazijafanya kazi. Kurudi kwa virusi vya mama miaka karibu 4 baadaye kulimaliza ubishi.

Kinga inavyojenga maficho

VVU huhitaji seli T ya CD4 iliyoamka. Seli iliyopumzika ina malighafi chache za kutengenezea DNA, kwa sababu protini iitwayo SAMHD1 huzipunguza, na kirusi kinachoingia humo mara nyingi hukwama njiani. Seli iliyoamshwa, yaani iliyokutana na adui wake na kuanza kugawanyika, ina kila kitu. Kirusi huingia, DNA yake hujipachika kwenye kromosomu, uzalishaji huanza, na seli hufa ndani ya siku 1 au 2.

Chache hazifi. Zimeambukizwa zikiwa zinaelekea kupumzika, zikageuka seli za kumbukumbu kabla uzalishaji haujashika kasi. Hapo DNA ya kirusi inabaki kwenye kromosomu lakini imenyamaza: protini za NF-κB na NFAT, zinazowasha jeni, ziko nje ya kiini cha seli, P-TEFb, protini inayosukuma usomaji wa jeni, ni haba, na kromosomu imejikunja mahali pale. ARV hazina la kufanya na seli hiyo. Dawa huzuia kirusi kutengenezwa au kuingia seli mpya, na hapa hakuna kinachotengenezwa.

La kuzingatia zaidi ni swichi yenyewe. Kipande cha DNA ya kirusi kinachoanzisha uzalishaji kina sehemu za kushikwa na NF-κB, protini ileile ambayo seli huitumia inapomtambua adui iliyezaliwa kupambana naye. Seli ya kumbukumbu ya kifua kikuu iliyobeba VVU ikikutana na bakteria wa kifua kikuu, huamka kufanya kazi yake, na kirusi huamka nayo. Kwa hiyo mwamko wa kinga ndio mlango wa kuingilia kwenye maficho na ndio mlango wa kutokea. Wakati mwingine seli huamka nusu: hugawanyika na kutoa mapacha wenye kirusi kilekile bila kuzalisha virusi. Ndiyo maana kwa watu waliotumia dawa miaka mingi, sehemu kubwa ya maficho ni koo za seli zilizotokana na mama mmoja.

Mwaka 1997 makundi 3 ya watafiti yalionyesha kwamba seli hizi zipo hata kwa watu ambao dawa zimewatuliza kabisa. Kwa mtu mzima ni kama seli 1 yenye kirusi kinachoweza kuota katika kila seli 1,000,000 za CD4 zilizopumzika. Nusu yake huchukua miezi 44 kupungua, na kwa mwendo huo ni zaidi ya miaka 70 kuzimaliza.

Kwa mtu mzima aliyechelewa kuanza dawa, mzunguko hujikaza wenyewe. VVU hubomoa CD4 za utumbo katika wiki za mwanzo, ukuta wa utumbo unavuja, na mabaki ya bakteria yanaingia kwenye damu. Utafiti wa Brenchley na wenzake wa mwaka 2006 uliyapima mabaki hayo na kuyahusisha na mwamko wa kinga. Seli za CD8, zinazoua seli zilizoambukizwa, hubeba kwa wingi CD38 na HLA-DR, alama za mwamko. Giorgi alionyesha mwaka 1999 kwamba CD38 kwenye CD8 ilitabiri vifo vizuri kuliko wingi wa virusi. Nyani wa sooty mangabey huko Afrika Magharibi hubeba virusi vya SIV, ndugu wa VVU kwa nyani, kwa wingi mkubwa damuni na kwa kawaida hawaugui, kwa kuwa kinga yao hutulia baada ya wiki za kwanza badala ya kuwaka miaka yote.

Je, dawa zikishatuliza virusi, mwamko unaobaki unatokana na maficho, au maficho yanalishwa na mwamko? Jaribio moja la mwaka 2010 lililofanywa na Buzón na wenzake linatoa kidokezo kizuri. Walichukua watu waliokwisha kutulizwa na dawa, wakawaongezea raltegravir, dawa inayozuia DNA ya kirusi kujipachika kwenye kromosomu. Kama hakuna kirusi kinachojaribu kuingia seli mpya, dawa hiyo isingebadilisha kitu. Kwa karibu 3 kati ya kila 10, vipande vya DNA ya duara, ambavyo hujilimbikiza kirusi kinapozuiwa kujipachika, viliongezeka. Hao ndio waliokuwa na alama nyingi za mwamko kwenye CD8, na kwao mwamko ulipungua baada ya raltegravir. Kwa watu hao, basi, maficho hayakuwa yamelala kabisa. Kwa wengi waliobaki hakuna kilichobadilika, na huo ndio ubishi unaoendelea hadi leo.

Kichanga ni hadithi nyingine. Seli zake nyingi za CD4 kwenye damu ni changa, hazijakutana na adui yeyote, na ni chache zenye CCR5, mlango ambao VVU huutumia zaidi. Utumbo ndio tofauti: humo hata kabla ya kuzaliwa kuna CD4 za kumbukumbu zenye CCR5. Dawa ikiingia saa ya 30, kirusi kimepata muda mfupi na malengo machache. Maficho yanajengwa, ila ni madogo mno. Na kwa kuwa virusi vilikatwa mapema, utumbo haukubomolewa na kinga haikuwashwa.

Vipimo vilisema nini, na vilinyamazia nini

Mtoto aliporudi bila virusi, maabara kadhaa zilimpima kwa kila chombo kilichokuwepo. Kingamwili: hakuna, kwa vipimo vya aina 2. Seli T za kuwinda VVU, CD4 na CD8: hakuna. Jeni za HLA ambazo huwasaidia watu wachache kudhibiti VVU bila dawa, B*27 na B*57: hakuna. RNA kwenye plazma kwa kipimo cha hali ya juu: nakala 1 kwa mililita akiwa na miezi 24. DNA ya kirusi: nakala 4 katika seli 1,000,000 za damu akiwa na miezi 26, yaani mpakani mwa uwezo wa kipimo. Kisha kipimo ambacho wengi walikichukulia kama hukumu ya mwisho: seli 22,000,000 za CD4 zilizopumzika ziliamshwa maabara, na hakuna kirusi kilichoota.

Kipimo hicho cha kuotesha kinastahili kuelezwa, kwa sababu chenyewe ni mwamko wa kinga uliofanywa kwenye chupa. Seli zilizopumzika hutenganishwa na nyingine zote, hugawanywa kwenye visima (vitundu vidogo vya sahani ya maabara) kwa idadi zinazopungua, huamshwa kwa PHA, kitu kinachoamsha seli T, pamoja na seli za mtu mwingine zilizopigwa mionzi, kisha huongezewa CD4 za mtu asiye na VVU ili kirusi kikitoka kipate mahali pa kuzaliana. Baada ya wiki 2 hadi 3 hupimwa p24, protini ya kirusi, kwenye kila kisima. Shida ipo kwenye hatua ya kuamsha. Ho na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba katika DNA za virusi ambazo hazikuamka kwenye kipimo hiki, karibu 12 kati ya 100 zilikuwa nzima na zenye uwezo wa kuota, na kwamba maficho halisi yanaweza kuwa makubwa hadi mara 60 kuliko yale kipimo kinayoyahesabu. Seli zilezile zikiamshwa mara ya pili hutoa virusi vilivyogoma mara ya kwanza.

PCR ya DNA ina kasoro ya upande wa pili. Inahesabu kila kipande, hata kilichokatika, na vipande vilivyoharibika ni vingi kuliko vizima. Kipimo kimoja kinahesabu pungufu, kingine kinazidisha. Kwa mtoto huyu vyote viwili vilikaribia sifuri, na hapo ndipo matumaini yalipopanda.

Sasa hesabu. Ukipima vitu 22,000,000 usipate hata kimoja, takwimu zinakuruhusu kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba kiwango halisi hakizidi 3 katika 22,000,000, yaani takribani 1 katika 7,000,000. Tuchukulie kwa tahadhari kwamba mtoto wa miaka 2 ana CD4 zilizopumzika 10,000,000,000 mwilini. Kiwango hicho cha juu kingeacha seli takribani 1,400 zenye kirusi, na kipimo bado kingetoka safi. Tena seli zilizopimwa zilitoka kwenye damu, ambako hukaa takribani asilimia 2 tu ya seli za aina hii. Nyingine ziko kwenye tezi za limfu, wengu na utumbo. Ni sawa na kuonja kijiko kimoja cha mchuzi ukitafuta punje moja ya pilipili manga kwenye sufuria la harusi. Hakuna mzazi ambaye angekubali mtoto achukuliwe vipande vya utumbo kwa ajili ya udadisi, na hakuna kamati ya maadili ambayo ingepaswa kuruhusu.

Kutokuwepo kwa kingamwili nako kulisomwa vibaya na wengi. Kingamwili hutengenezwa kinga inapouona mwili wa adui kwa muda wa kutosha. Mtoto aliyezimiwa virusi siku ya 29 hajaupa mfumo wake nafasi hiyo. Zile za mama zilishapotea kwa kawaida yake, na za kwake hazikuwahi kutengenezwa. Jibu hasi lilisema jambo moja tu, kwamba kinga haijamwona adui.

Kwa nini miezi 27

Kwa mtu mzima wa kawaida aliyeacha dawa, virusi huonekana tena ndani ya wiki 2 hadi 3. Pinkevych na wenzake walikadiria mwaka 2015 kwamba seli moja iliyolala huamka na kufanikiwa kuwasha maambukizi mapya kila siku 5 hadi 8. Seli nyingi zaidi huamka katika muda huo, ila nyingi ni za bahati mbaya kwa kirusi: seli hufa kabla ya kutoa kitu, au virusi vinavyotoka havipati seli ya jirani iliyoamka.

Miezi 27 ni kama siku 820. Ukigawanya kwa siku 6, unapata maficho yenye nafasi za kufanikiwa pungufu mara 130 hivi. Ni hesabu ya mkono, haistahili kubebwa kama kipimo, lakini inaonyesha ukubwa wa jambo: maficho yalipungua mara mia na zaidi, hayakufutika. Makadirio ya Hill na wenzake ya mwaka 2014 yanasema ingetakiwa kupunguza kama mara 10,000 ili watu wengi waweze kuacha dawa maisha yao yote. Mtoto wa Mississippi alikuwa katikati ya mtu wa kawaida na namba hiyo, palepale ambapo bahati nasibu ndiyo inayoamua.

Kichocheo kilichoamsha seli ile hakijulikani na hakiwezi kujulikana baada ya tukio. Mtoto wa miaka 3 hukutana na mafua, kuhara, chanjo na minyoo. Kila kimoja huamsha koo fulani za CD4. Inatosha koo moja kuwa na seli iliyobeba kirusi kizima.

Halafu hakukuwa na wa kuzuia. Watu wachache wanaodhibiti VVU bila dawa hufanya hivyo kwa CD8 kali, na mara nyingi hulipia kwa mwamko wa kinga ulio juu ya kawaida. Mtoto huyu hakuwa na CD8 za VVU kabisa. Virusi viliamka ndani ya mwili ambao, kwa upande wa kinga, ulikuwa unakutana navyo kwa mara ya kwanza. Utulivu uliofanya maficho yawe madogo ndio ulioacha mwili bila mlinzi. Kwa maoni yetu hili ndilo somo la kisayansi lenye uzito zaidi katika kisa kizima, kuliko mjadala wa kupona au kutopona.

Visa vinavyokaa karibu

Mwezi uleule wa Julai 2014 kundi la Whitney lilichapisha jaribio la nyani aina ya rhesus walioanzishiwa dawa siku 3 tu baada ya kuambukizwa SIV, kabla virusi havijaonekana kwenye damu. Dawa zilipoachwa, virusi vilirudi kwa wote, ingawa vilichelewa: wastani wa siku 21 badala ya 7. Huko Milan, mtoto aliyeanza dawa ndani ya saa 12 za kuzaliwa alionekana safi kwa vipimo alipofikisha miaka 3. Dawa ziliposimamishwa, virusi vilirudi ndani ya wiki 2. Watu wazima 8 nchini Thailand walioanza dawa katika siku za mwanzo kabisa za maambukizi waliziacha kwa uangalizi, na vikarudi kwa wote, katikati ikiwa siku 26.

Wagonjwa 2 wa Boston ni kisa cha upande wa pili kabisa. Walikuwa na saratani ya limfu, wakapandikizwa uboho wa watu wasio na VVU huku wakiendelea na ARV. Kinga mpya ilishambulia seli za zamani, na maficho yakapotea kwenye vipimo. Dawa ziliposimamishwa, mmoja alikaa wiki 12, mwingine wiki 32, kisha virusi vikalipuka pamoja na homa na dalili za maambukizi mapya. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha virusi vya kila mmoja vilitokana na seli 1 au chache sana.

Aliyekwenda tofauti ni mtoto wa Afrika Kusini aliyeelezwa mwaka 2017: alipata dawa kwa wiki 40 tu katika utafiti wa CHER akiwa kichanga, akaacha, na zaidi ya miaka 8 baadaye bado hakuwa na virusi vya kuzaliana damuni. Mwamko wake wa kinga ulikuwa chini na CCR5 chache; lakini, tofauti na yule wa Mississippi, alikuwa na majibu hafifu ya CD4 dhidi ya VVU. Mtoto mmoja hathibitishi kitu. Hata hivyo tofauti hiyo ni ya kuishika.

Njia iliyojaribiwa kwa makusudi, kuamsha kinga ili kuyafukuza maficho, haijafika mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Amsterdam watu 3 walipewa OKT3, kingamwili ya maabara inayoamsha seli T, pamoja na interleukini-2, kichocheo cha kinga, ili kuamsha seli T zote kwa mpigo. Waliugua vibaya, CD4 zikaporomoka kwa muda mrefu, na maficho yakabaki. Mwaka 2012 dozi moja ya vorinostat, dawa ya saratani inayolegeza kromosomu iliyojikunja, iliongeza RNA ya virusi ndani ya seli kwa wastani wa mara 4.8 kwa watu 8, bila kupunguza idadi ya seli zenye kirusi. Kuziamsha kunawezekana, kuziua baada ya hapo ndiko kulikoshindikana.

Kwa anayehudumia watoto kliniki

Mtego wa kwanza ni kipimo cha kingamwili kwa mtoto aliyeanza ARV mapema. Akifika miezi 18 au miaka 3, kipimo cha haraka kinaweza kusoma hasi, na mzazi akaamini maombi au mitishamba imefanya kazi. Mtoto mwenye PCR chanya iliyothibitishwa kwa sampuli ya pili hapimwi tena kingamwili ili kuamua kama aendelee na dawa. Kama tayari amepimwa na ikatoka hasi, dawa haziachwi. Jibu lile linaeleza jinsi alivyoanza mapema, basi.

Wa pili ni sampuli ya pili kutoka hasi. Mtoto amepimwa kwa tone la kisigino kwenye karatasi ya kukaushia damu (DBS), ikatoka chanya, ARV zikaanza siku hiyohiyo kama inavyotakiwa, kisha sampuli ya uthibitisho ikatoka hasi au isiyoeleweka. Dawa hupunguza RNA na DNA haraka kwa kichanga, kwa hiyo majibu ya aina hii yanatarajiwa zaidi kadiri tunavyoanza mapema. Sampuli ya uthibitisho ichukuliwe siku ileile kabla ya dozi ya kwanza. Zikipingana, dawa ziendelee na kisa kipelekwe kwa wataalamu.

Wa tatu ni hofu ya chanjo. Chanjo huamsha kinga, na kwa mtu asiyetumia dawa inaweza kupandisha virusi kwa siku chache. Kwa mtoto aliye kwenye ARV zinazofanya kazi, kirusi kinachotoka hakipati pa kwenda. Chanjo zitolewe kwa ratiba ya kawaida. Nakala 300 zilizojitokeza kwenye kipimo zisisingiziwe chanjo au mafua kabla hujauliza nani anampa dawa, saa ngapi, na kwa kiasi gani.

Kiasi ndipo makosa mengi yalipo, kwa sababu mtoto anakua na dozi haikui. Dolutegravir ya watoto ya kuyeyusha, miligramu 10, hutumika kuanzia wiki 4 na kilo 3: nusu kidonge kwa kilo 3 hadi 5.9, 1 na nusu kwa kilo 6 hadi 9.9, 2 kwa kilo 10 hadi 13.9, 2 na nusu kwa kilo 14 hadi 19.9, mara 1 kwa siku. Huyeyushwa kwenye maji safi mililita 5 hadi 10 na kunywewa ndani ya nusu saa, pamoja na maji ya kusuuzia kikombe. Dawa ya madini ya chuma au kalsiamu itengwe: dolutegravir saa 2 kabla yake au saa 6 baada. Mtoto akianza rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, dolutegravir hupewa mara 2 kwa siku, na hapa uzembe ni ghali, kwa kuwa kifua kikuu ni miongoni mwa vichocheo vikali vya mwamko wa kinga huku rifampisini ikipunguza dawa mwilini. Virusi vinaamshwa, huku kinga inayotolewa na dawa ikishushwa, kwa wakati mmoja.

Wa mwisho ni biashara ya dawa za kuongeza kinga na kupandisha CD4, inayoshamiri mitaani na kwenye simu. Interleukini-2 ilipandisha CD4 kweli, ikapimwa kwenye tafiti 2 kubwa, ESPRIT yenye watu 4,111 na SILCAAT yenye 1,695. Matokeo ya mwaka 2009: CD4 zilipanda, vifo na magonjwa nyemelezi havikupungua. Kama dawa halisi ya hospitali haikufaulu, chupa isiyojulikana kilichomo haina hoja.

Kuacha dawa kwa makusudi kunafanyika ndani ya tafiti tu. Utafiti wa IMPAACT P1115, uliozaliwa na kisa cha Mississippi na wenye vituo hata Afrika Mashariki, uliwapa vichanga dawa ndani ya saa 48. Katika kundi la watoto 54 lililoripotiwa Machi 2024, 6 walifaa kusimamishiwa dawa wakiwa na miaka 5. Wawili virusi vilirudi katika wiki ya 3 na ya 8. Wanne walivuka wiki 48. Mmoja wao akarudiwa na virusi wiki ya 80, na 3 walikuwa bado hawana virusi, wakiwa wiki ya 48, 52 na 64. Baadhi ya waliorudiwa walipata homa, vipele, tezi kuvimba, kuhara na kutapika, dalili za mtu aliyeambukizwa juzi, na wote walirudishiwa ARV.